Mwaka wa Ekroni

Mwezi uliopita tulimuaga Bi Eleanor, mwanaakiolojia aliyenipa kazi yangu ya kwanza katika nchi hii. Mpwa wake alinipigia simu nyumbani Bowie, Maryland, akaniomba niseme maneno machache ukumbini, kwa kuwa kati ya watu waliofanya kazi naye, mimi ndiye pekee niliyekuwa bado naweza kuendesha gari. Nilivaa baibui langu la heshima, nikasimama mbele ya wazee wa Kizungu kama thelathini hivi, nikawaeleza jinsi marehemu alivyonifundisha kushika kigae cha kale bila kutetemeka mkono, na jinsi alivyokuwa akiutaja Ekroni, ule mji wa Wafilisti, kama mtu anavyoutaja mtaa alikozaliwa. Watu walicheka palipostahili kuchekwa. Lakini nilipoketi moyo ulinidunda kama wa mtu aliyetoka kutoa ushahidi wa uongo. Nilikuwa nimeusimulia ule mwaka wote niliofanya kazi kwake bila kumtaja Furaha hata mara moja, na mwaka ule ukimwondoa Furaha haubaki kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilisoma ukutubi asubuhi, na nilipanga Landover, kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mtu, pamoja na mwanamke wa Uvira, Kongo, aliyenizidi miaka minane. Chumba kilikuwa kimoja, tumekigawa kwa pazia la maua ya zambarau. Upande wangu ulikuwa na dirisha dogo lililotazama magurudumu ya magari, upande wake ulikuwa na tanuri la kupashia nyumba joto, ambalo lilipowaka liliguna kama ng'ombe. Jiko tulishirikiana. Furaha ndiye aliyelitawala: sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, ndagala waliosafiri kwenye sanduku la mtu kutoka ziwani, bugali aliousonga kwa nguvu mpaka sufuria ikalia. Mimi mtu wa Tanga nilikuwa nikitafuta nazi kwenye kila sahani, naye alikuwa akinicheka. "Sha, weye unataka kula sabuni," alisema, maana nazi kwake ilikuwa kitu cha sabuni na mafuta ya kupaka. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao, Bowie huku huku ninakoishi sasa. Alipanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Akirudi alinisimulia miili ya wale wazee kama fundi anavyosimulia magari: huyu goti, yule mgongo, na bibi mmoja aliyekuwa na kidonda kidogo kwenye kisigino ambacho watoto wake wote walikiona si kitu. Furaha aligoma kumwogesha mpaka wampeleke kwa daktari. Wakampeleka. Daktari akasema wangechelewa wiki mbili wangeukata mguu. Nakumbuka alivyolisimulia lile, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anacheka huku akijifuta macho kwa kanga yangu.

Kazi yangu mimi ilikuwa mchana, kwenye chumba cha chini cha chuo kimoja mjini Washington. Chumba kilijaa makasha ya vigae kutoka Ekroni, vilivyoletwa kwa utafiti na vya kurudishwa baadaye. Bi Eleanor alikuwa amechimba kule kwa misimu mingi ya kiangazi, na sasa alikuwa anaandika yale aliyoyaona. Mimi niliandika namba kwenye vigae kwa kalamu nyembamba, nikapiga chapa kadi zake, nikamchemshia chai. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye vumbi kwenye nywele, aliyekula biskuti zile zile kila siku saa tisa, na alizungumza nami kana kwamba nimeshajua kila kitu. Kwake nilijifunza kwamba Ekroni ulikuwa mji wa mafuta ya zeituni, mashinikizo zaidi ya mia moja yamepangwa kandokando ya ukuta, na kwamba msimu wa mafuta ulipokwisha watu waliingiza mitambo ya kufuma kwenye vyumba vile vile. Aliniwekea mkononi donge la udongo lenye tundu katikati, uzito wa kunyooshea nyuzi. "Mtu alilishika hili siku jeshi la Babeli lilipofika," aliniambia. Mji uliteketea kwa haraka kiasi kwamba mitungi ilibaki pale pale ilipokuwa imewekwa. Nilipenda kufikiri juu ya wale watu. Ujana una huruma nyingi kwa waliokufa zamani, kwa sababu hawaombi kitu.

Jumapili moja, majuma machache kabla ya Pasaka, Furaha alirudi kutoka kanisani kabla ya wakati wake. Kanisa lenyewe lilikuwa ukumbi wa kukodi karibu na maghala, na waumini wengi walikuwa Wakongo na Warundi. Kwa kawaida walikaa mpaka jioni, wakila na kuimba. Siku ile aliingia, akavua viatu, akaanza kupika bila kubadili gauni. Mimi nilikuwa mezani na vitabu vyangu. Alipokwisha kutia sombe sufuriani, akasema Mchungaji wao alikuwa amehubiri habari za Ekroni.

"Ekroni yangu?" nikauliza, nikacheka kwa furaha. Mimi Mwislamu, nisiyekuwa nimewahi kufungua Biblia kabla ya kazi ile, nilijiona kama mtu aliyetajiwa jina la shangazi yake ugenini.

"Ya kwako," alisema. "Habari ya mfalme Ahazia. Alianguka kutoka juu ya nyumba, akaumia, akatuma watu Ekroni kuuliza kwa mungu wa kule kama atapona. Nabii Eliya akawakuta mu njia. Akawaambia, juu mumeenda kuuliza kule, hatashuka kwenye kitanda kile. Na hakushuka."

Habari ile niliijua. Bi Eleanor alikuwa amenisomesha yote yaliyoandikwa kuhusu mji wake. Nikamwambia kwamba jina la yule mungu, Baal-zebubu, maana yake ni bwana wa nzi, na huenda waliolitia katika maandiko walikuwa wanamkejeli tu. Nikamwambia pia kwamba jiwe la maandishi lililochimbuliwa hekaluni kule lilimtaja mungu wa kike, si huyo. Alinisikiliza kwa makini, mwiko mkononi.

"Donc mfalme alituma watu kwa mwenye haiko?"

"Huenda hata hakuwepo."

Akakoroga sombe. Alikuwa amenipa mgongo. Mgongo ule naukumbuka kuliko nyuso nyingi: gauni la kijani la kanisani, zipu haikufika juu kabisa, na lebo imejitokeza shingoni. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Zuhura, weye unafanyaka kazi na vitu vya kule. Niambie. Yule mfalme alikufa juu ya kuanguka, ao alikufa juu ya kuuliza?"

Nilifurahi kuulizwa. Huo ndio ukweli wenyewe, na nimejaribu miaka yote hii kuupamba, umekataa. Watu wazima hawakuwa wakiniuliza mambo. Nikaweka kalamu chini, nikajibu kwa sauti ya Bi Eleanor. "Dada, yule angekufa tu. Mtu akianguka vile, ndani kumeshapasuka. Kuuliza hakukumuua, na asingeuliza pia asingepona."

"Basi kuuliza ni bure."

"Bure kabisa," nikasema. Kisha nikamwomba aniongezee sombe.

Akaniongezea. Tukala. Baadaye alinisuka nywele, kichwa changu magotini mwake, akiimba kwa sauti ya chini wimbo ambao sikuujua. Nimeirudia jioni ile mara nyingi nikitafuta ishara. Je, alijishika kifua? Alisita? Sikumbuki chochote isipokuwa kwamba alinisuka mistari sita na kwamba ilikuwa safi.

Baada ya Pasaka alianza kubeba mizigo kwa mkono wa kulia peke yake. Niliona. Aliacha kulala ubavu wa kushoto. Nilijua kwa sababu kitanda chake kililia kwa namna nyingine upande wa pili wa pazia. Nikafikiri ni kazi, kunyanyua wazee wazito kila siku. Kuna mchana nilimkuta amekaa bafuni mlango wazi, amejifunga taulo, anatazama ukuta. Nikamuuliza kama ni mzima. "Niko bien," alisema, nami nikaenda zangu, nina mtihani. Na yapo yaliyonizuia ambayo si mtihani. Alikuwa akifunga na kuomba kuliko zamani, na watu wa kanisa lake walimjia, wakashikana mikono jikoni. Nilijiambia kwamba wana mambo yao ya dini, nayo si dini yangu. Nilijihesabu kuwa mtu wa adabu. Nilichukua chai yangu, nikavuta pazia.

Katikati ya kiangazi nilikuwa nikitenganisha nguo za kufua, nikakuta vitambaa vilivyokunjwa vizuri, mraba mraba, vimefichwa ndani ya foronya. Vilikuwa na madoa ya manjano na damu, na harufu niliyoijua papo hapo japo sikuwahi kuisikia. Furaha alikuwa anapiga pasi. Nikamwonyesha kimoja. Akazima pasi. Akaisimamisha wima kwa uangalifu, akafungua vifungo vya blauzi kimoja kimoja, akanionyesha titi lake la kushoto. Sitalieleza. Nilishika ukingo wa meza.

"Tangu lini?"

"Tangu mbele ya Pasaka. Ilikuwa kidogo, kama harage."

"Dada Furaha, mbona hukuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemuuliza kwa nini hakunijulisha kwamba mvua imenyesha wakati tulikuwa wote nje. Akafunga vifungo.

Kesho yake nilimweleza Bi Eleanor, nikilia juu ya makasha yake. Hakuuliza swali hata moja. Alichukua funguo za gari, tukaenda Landover, tukamchukua Furaha, tukampeleka kliniki. Kiti cha nyuma kilikuwa na udongo wa machimboni, na Furaha, aliyevaa gauni lake la kijani, aliupangusa kwanza kwa kiganja ndipo akakaa. Tulisubiri tangu asubuhi mpaka alasiri. Baada ya vipimo tuliitwa siku nyingine, daktari kijana mwenye sauti laini akazungumza kwa Kiingereza cha haraka, na kwa kuwa mkalimani wa Kiswahili hakupatikana siku ile, mimi nikawa mdomo wake. Alisema imeenea kwenye mapafu na mifupa. Alisema ingekuwa jambo jingine kama angekuja mwanzoni mwa masika. Nililiona lile neno la pili linakuja, nikawaza kulimeza. Furaha alikuwa anautazama uso wangu, si wa daktari.

"Sema tu vile amesema," aliniambia. "Usipunguze."

Nikasema vile alivyosema. Sikupunguza. Furaha akatikisa kichwa taratibu, akamshukuru daktari kwa Kiingereza, kisha akamuuliza Bi Eleanor kama tumemchelewesha kazini.

Hasira yangu yote niliielekeza kwa Mchungaji. Nilimtafuta siku ya kazi, adhuhuri, kwenye ghala lililokuwa si mbali na kwetu, alikoendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Alitoka na fulana ya rangi ya machungwa, mtu mnene wa makamo, amebeba chakula chake kwenye bakuli la plastiki. "Shikamoo, Mchungaji," nikamwambia, kwa sababu nimelelewa hivyo hata nikitaka kupigana. Akaniitikia "Jambo, mama," akanipa nafasi kwenye ngazi ya zege. Sikukaa. Nikamwambia kwamba amemuua Furaha. Nikamwambia ni yeye aliyehubiri kwamba mgonjwa akienda kuuliza atakufa kitandani mwake, naye Furaha akaogopa, akakaa nyumbani anaoza.

Aliweka bakuli chini. "Binti yangu, mi nilihubiri juu ya bafumu," alisema, akimaanisha waganga wa kupiga ramli. "Batu bangu banapiga simu mpaka Uvira, mpaka Bukavu, banauliza bafumu kama makaratasi yatatoka, kama bwana atarudi. Nilikuwa nakataza ile." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa cha vidonge, akanipa nikishike. "Dawa ya presha. Ninakunywa kila siku mbele ya kanisa lote. Kama Furaha angeniuliza, ningemupeleka mi mwenyewe kwa dokteri. Hakuniuliza." Akajifunika uso kwa mikono. "Alimuuliza nani? Lazima kuna mtu yeye alimuuliza."

Nilimrudishia dawa yake. Nilitembea kurudi nyumbani kando ya barabara isiyokuwa na njia ya miguu, malori yanapita, na sikumbuki nilivukaje.

Furaha alikuwa amejilaza upande wangu wa chumba. Tulikuwa tumebadilishana ili apate dirisha. Nikakaa sakafuni karibu na kichwa chake. Nikamwambia nimetoka kuonana na Mchungaji na aliyoniambia. Kisha nikamuuliza kama anakumbuka ile Jumapili ya sombe, aliponiuliza habari za mfalme.

"Ninakumbuka."

"Dada, sikujua. Wallahi sikujua."

Alikuwa akipumua kwa mdomo. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na ningeshukuru kama ingekuwepo.

"Weye ulikuwa unaongea ya mfalme," alisema. "Mi nilikuwa naongea ya mimi."

Kisha akaniomba maji. Hatukulizungumza tena. Wapo watu niliowaambia haya, wawili tu maishani mwangu, na wote walinifariji: kwamba alikuwa na uoga wake mwenyewe, kwamba hakuwa na bima, kwamba mtu aliyemfanya bibi wa kisigino apelekwe hospitali alijua vizuri la kufanya. Yote ni kweli. Mimi pia nimezeeka, nimeona jinsi mtu mwenye hofu anavyozunguka akitafuta mtu mmoja wa kumwambia asiende. Lakini najua vilevile kwamba kabla ya kumpata huyo, huwa anatafuta mtu mmoja wa kumwambia aende. Hao wawili anawauliza swali lile lile.

Miezi iliyobaki alinifundisha kazi yake. Hakutaka nimuuguze ovyo. "Usinivute na mukono," alisema nilipojaribu kumgeuza mara ya kwanza. "Ingiza shuka chini, halafu vuta shuka." Alinifundisha kuosha mgongo kwa maji ya aina mbili, kupaka mafuta visigino kabla havijapasuka, kumlisha uji kutoka ubavuni ili asipaliwe. Nilipokosea alinirekebisha, nilipopatia alisema "Njo vile," yaani ndivyo, na ile "njo vile" niliingoja kama mtoto anavyongoja alama ya mwalimu. Watu wa kanisa walikuja kwa zamu na vyungu vyao. Mchungaji alikuja kila alipotoka kazini, akakaa, na ile fulana yake mwilini, kwenye ndoo iliyofunikwa, akisoma kwa sauti ya chini, wala hakusoma lolote la Wafilisti. Alipokuwa akiomba nilibaki pale pale. Sikuvuta pazia. Bi Eleanor alinipunguzia saa za kazi. Akawa ananiletea kadi nyumbani nizipige chapa jikoni, na alipozileta alikaa kando ya Furaha, wanawake wawili wasio na lugha ya kutosha, wakaangalia pamoja picha za vyungu vyenye ndege wa rangi nyekundu na nyeusi. Furaha alimpenda ndege mmoja aliyegeuza shingo kujitazama mgongoni. Alisema huyo anatafuta kupe.

Alikufa asubuhi ya vuli, jua limeshatoka, mimi namkamulia kitambaa. Nilikuwa nimegeukia beseni. Nilipogeuka alikuwa ameshamaliza. Tulimzika kwenye udongo mwekundu wa Maryland, watu wake wakiimba, nami nikisoma Fatiha kimoyomoyo kwa sababu sikuwa na kingine.

Siku mbili kabla ya kufa alinisomea namba ya mama yake, tarakimu baada ya tarakimu, akanifanya niirudie mara tatu. Mchungaji alikuwa ameshatoa taarifa Uvira, lakini nilijua ile namba nilipewa niipige mimi. Niliipiga baada ya maziko, jikoni, nimesimama. Laini ilikwaruza. Mama alipokea, nikajitambulisha. Alinijua, Furaha alikuwa akimweleza habari zangu, mtoto wa Tanga anayekula sabuni. Alicheka kidogo aliposema hivyo, na kicheko kikakatika. Hakulia. Aliniuliza kama mwanawe alipata maumivu mengi, nikamwambia ukweli. Aliniuliza kama alikula siku za mwisho, nikamwambia uji. Nikasikia jogoo wa kwao.

"Na kule," akasema, "alikuwa na mutu? Mutu wa kumuuliza kitu, wa kumupa shauri?"

Sufuria ya Furaha ilikuwa juu ya jiko, nimeiosha, imepinduliwa.

"Alikuwa nami, mama," nikasema.

Nikamsikia akishusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo aliotembea nao tangu alfajiri. "Mungu akubariki, mwana wangu," akasema. "Mi niliogopa alikuwa yeye peke."

Nikaitikia amina.